Stika Nyuma ya Diski

Sogea karibu na jiko nikutegee kimoja kabla chai haijachemka. Ndugu wawili wamesimama huku na huku ya mcheza ngoma. Hawamgusi, hawamwachi, nafasi iliyo kati yao naye ni nyembamba kuliko ukucha. Akitakiwa asimame, wao ndio humkumbatia mpaka atulie. Lakini siku mcheza ngoma akilewa akaanza kuyumba, huwapiga vikumbo, nao hurudi nyuma kidogo kidogo bila mtu kuona. Siku hiyo ukiwaita wamshike, mikono yao haimfikii. Ni nini hicho?

Ukisema ni wasimamizi wa harusi, nipe mji. Ukisema ni askari na mlevi, nipe mwingine. Sitakulaumu, maana mimi mwenyewe nimeishi miaka sabini na moja bila kukijua. Ni pedi za breki. Mcheza ngoma ni diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu la gari. Na aliyemlewesha mcheza ngoma ni mimi.

Jina langu ni Waiyego. Hapa Kiplombe, nje ya Eldoret, wananiita Mama Mbuthia, kwa jina la kijana wangu wa kwanza. Nina ng'ombe mmoja, sukuma wiki nyuma ya nyumba, na banda la mabati mbele, upande wa barabara. Shule niliishia darasa la saba. Barua naweza kuandika, hesabu naweza, lakini gari kwangu lilikuwa mlango, kiti na dirisha.

Naishi na mjukuu wangu Tabby, binti wa Mbuthia. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa sindano, kutoka boma hadi boma, huko kijiji cha Ziwa na mbele zaidi. Wiki nzima anazunguka kwa pikipiki, gambuti miguuni. Lakini ana gari lake dogo la buluu, limejaa madoa ya rangi ya chini ambayo hajamaliza kuifunika, ndiyo maana analiita Kanga, yaani yule ndege mwenye madoa. Kanga haendi sokoni wala kanisani. Kanga ni wa Jumamosi tu. Wenyewe wanaita trak dei.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni mashindano. Tabby akacheka. “Shosho, hatushindani na mtu. Kila mtu anaingia peke yake, anakimbizana na saa yake.” Mahali penyewe ni shamba la mzee Kipngetich, njia ya Ziwa, ambapo zamani kulikuwa na kiwanja cha ndege ndogo za kunyunyizia dawa. Lami ipo bado. Vijana wakapanga mapipa na matairi ya zamani yawe kona, na mahindi yamesimama pande zote mbili kama watu waliokuja kuangalia.

Fundi wake alikuwa Opondo, mtu wa Siaya, aliyekodi lile banda langu miaka sita iliyopita. Mtu mpole, mrefu, mikono kama jembe. Huyu Opondo alikuwa na tabia zake. Akikaza nati, huchukua brashi ndogo na kuchora mstari mweupe kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma cha gurudumu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika na ukweli unaonekana. Na kila alichopima alikiandika kwa chaki ukutani kwenye mabati, ili mwenye gari asome mwenyewe.

Kila saa nne ya asubuhi nilimpelekea chai, na chai haikuwahi kwenda bila kitendawili. Akishindwa ilibidi anipe mji. Amenipa Kisumu, Siaya, Homa Bay, Mbita, Bondo, mpaka akaanza kunigawia vituo vya soko. “Mama Mbuthia,” alikuwa akisema, “ukimaliza ziwa lote sisi tutavua wapi?”

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwonea.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nane. Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa tumetoka kwenye ibada ya kuombea wasafiri, na kila mmoja alipewa stika. Ndogo, kama ubavu wa kiberiti, inang'aa fedha, na maandishi mekundu: LIMEFUNIKWA. Maana yake unaielewa, limefunikwa kwa ulinzi wa Mungu. Nikaileta nyumbani nimeishika kwa vidole viwili isikunjike.

“Tabby, hii ni ya Kanga.”

Akaiangalia kama mtu aliyepewa kiatu cha mtoto. “Aai, Shosho. Gari yangu si matatu.”

“Ni ndogo tu. Weka hata kwa kona ya kioo.”

“Vijana watanicheka mpaka Disemba. Na hata hivyo stika inaongeza uzito!” Akanibusu shavuni, akawasha pikipiki, akaenda kwa ng'ombe zake.

Nikabaki na ulinzi mkononi.

Sasa, siku hiyo Kanga alikuwa bandani, ameinuliwa, gurudumu la mbele kushoto limetolewa. Opondo alikuwa amelisugua habu, ule uso wa chuma ambao diski hulalia, mpaka likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Asubuhi nilimwona akipima kwa kijisaa chake chenye mshale: anakiegesha kwenye diski, anaizungusha polepole, anauangalia mshale. Ulikaa kimya kama mtoto aliyelala. Akaandika ukutani: MBELE KUSHOTO, IMENYOOKA. Kisha akatoa tena diski aioshe, akaikuta chupa ya dawa ya kusafishia breki ni tupu, akapanda boda kwenda mjini. Diski ilibaki juu ya gunia, habu liko wazi.

Nikasema moyoni, mahali ndipo hapa. Pasafi, pamefichika, Tabby hatapaona na wenzake hawatamcheka. Nikabandua ile karatasi ya nyuma, nikaibandika stika katikati ya misumari miwili ya habu, nikaipiga pasi kwa dole gumba, nikaomba. Niliomba vizuri sana siku hiyo. Nikarudi jikoni nikiwa na furaha ya mtu aliyetega kitendawili kisichojulikana na yeyote ila yeye na Mungu.

Opondo akarudi. Akaifuta diski pale tu pedi zinapobana, akaipachika bila kuliangalia tena habu alilokuwa amelisugua, akafunga kila kitu, akakaza nati, akachora mistari yake myeupe. Hakupima tena. Angepima nini, na ukuta ulikuwa umeshasema imenyooka?

Jumamosi nilikwenda Ziwa mwenyewe, na chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha. Nilitaka kuona ulinzi wangu ukifanya kazi. Mzunguko wa kwanza Tabby alikwenda pole, akipasha magurudumu. Wa pili akaongeza. Wa tatu akatoka kwenye kona ya matairi, akaja na ile barabara ndefu ya ndege, gari likilia kama nyuki kwenye chupa. Nikaona taa nyekundu za nyuma zikiwaka. Taa ziliwaka, gari halikupunguza. Likapita mapipa, likaingia ndani ya mahindi.

Unajua mahindi ya mwezi wa nane yalivyo marefu. Gari halikuonekana. Ni vichwa vya mahindi tu vilivyotikisika kwa mstari, mbali, mbali zaidi, halafu vikatulia. Mimi sikupiga kelele. Nilikuwa nimeshika bunzi la mahindi, nikaendelea kulishika.

Kisha nikaona kofia yake ngumu ikija kati ya mashina, jani limening'inia begani.

“Mzee Kipngetich,” akaita kutoka mbali, sauti inatetemeka ingawa alijaribu kucheka, “hii shamba yako inataka mbolea! Nimepita katikati, nimeona.”

“Wewe toka huko kwanza,” Kipngetich akajibu, “halafu utanifundisha kulima.”

Watu wakacheka kwa ile pumzi ya kushukuru. Opondo, aliyekuwa kando yangu, hakucheka. Gari lilipovutwa kutoka kwenye mahindi, aliliendea moja kwa moja, akaingiza mguu wake mrefu, akakanyaga pedeli ya breki. Akaikanyaga tena.

“Iko ngumu,” akasema. “Tabby, kuja. Niambie pole pole. Ulipokanyaga?”

“Ilizama mpaka chini. Kama kukanyaga mkate.”

“Ukakanyaga mara ya pili?”

“Ikashika. Lakini nilikuwa tayari ndani ya mahindi ya githeri.”

“Harufu ya kuungua?”

“Hakuna.”

“Basi si mafuta kuchemka. Yakichemka, pedeli inabaki laini, hata sasa ingekuwa laini.” Alichuchumaa kando ya gurudumu. “Hizi pedi zimesukumwa nyuma. Ziko mbali na diski, sasa mara ya kwanza mguu wako unafanya kazi ya kuzirudisha tu. Mara ya pili ndiyo unapata breki. Swali ni nani anazisukuma. Ilizama ukitoka kwa kona, ama baada ya kunyooka?”

Tabby akafikiri. “Nilikuwa nimenyooka kitambo. Sikuwa nimegusa breki tangu kule kwa matairi.”

Opondo akakunja uso. “Ingekuwa beringi imelegea, kona ndiyo ingekuonyesha. Kama inakuja hata ukinyooka…” Hakumalizia.

Mimi nilikuwa hapo nikimimina chai. Niliyasikia yote na sikuelewa lolote. Niliwaza tu: afadhali niliibandika, bila ile stika mtoto angekufa. Nilijipongeza. Mungu anisamehe, nilijipongeza kwa moyo wote.

Jumatatu Opondo akamwinua Kanga bandani. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa: halikucheza. Akalishika kulia na kushoto: kimya. Akalitoa, akaegesha kijisaa chake kwenye diski, akaizungusha kwa mkono. Nilikuwa nimeleta chai. Mshale ulipanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Alizungusha mara nne, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akazungusha tena.

Wakati huo Tabby akaingia na gambuti zake. “Umepata?”

“Diski inayumba,” Opondo akasema. “Kila ikizunguka inazipiga pedi, inazirudisha.”

“Inayumba aje? Si uliniandikia imenyooka? Hii hapa!” Akapiga ukuta kwa kofi, mabati yakalia. “Mbele kushoto, imenyooka. Hii ni mwandiko ya nani?”

“Ni yangu.”

“Ulipima ama ulinichorea?”

“Nilipima, Tabby.”

“Basi hukuona. Ungesema tu huoni, Opondo, hakuna aibu kwa hiyo. Mimi sikukuwa na mtu mwingine wa kuangalia. Niliamini ukuta!” Sasa alikuwa akilia, na Tabby akilia hukasirika zaidi. “Rudisha gurudumu. Naipeleka kwa Lenny. Na usiguse gari yangu tena.”

“Ngoja nitoe diski, niangalie huko nyu—”

“Rudisha!”

Akarudisha. Akakaza nati moja baada ya nyingine, na hata hapo, akiwa ametukanwa, akachukua brashi yake akachora mistari myeupe. Tabby akaondoka na gari, polepole sana, mpaka kwa huyo Lenny, fundi wa ng'ambo ya mji.

Opondo akakaa kwenye debe. Nikampa chai. Ili nimwondoe kwenye huzuni nikamuuliza, “Hiyo kuyumba inatoka wapi, baba?”

Akanyanyuka, akachukua sufuria yangu ya chai iliyokuwa tupu, akaipindua juu ya meza, akalaza kifuniko juu ya kitako chake. “Hii sufuria ni habu. Kifuniko ni diski. Ona, imelala.” Akakigusa, kilitulia. Kisha akachana kipande cha karatasi ya pakiti ya majani ya chai, akakikunja mara moja, akakiingiza chini ya kifuniko upande mmoja. Akakigusa tena. Kifuniko kikacheza: tik, tik.

“Kitu kidogo hivyo?” nikasema. Sauti yangu nilisikia ni kama inatoka nyumba ya jirani.

“Hata kidogo kuliko hivyo. Kutu tu inatosha. Hapa katikati ni unyoya, kule pembeni imekuwa kidole. Lakini habu ile nilisugua mwenyewe, Mama, mpaka nikaona uso wangu. Huko nyuma hakuna kitu. Kwa hivyo ni diski imepinda, ama…” Aligusa miwani. “Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa cherehani. Macho yake yalianza hivi. Anakata kitambaa, anasema kimenyooka, mteja anavaa, kimepinda. Mwisho alikuwa anatuita tumtilie uzi kwa sindano. Pengine mshale ulicheza hata ile Jumanne, na mimi nikaona umetulia.”

Nilikishika kile kipande cha karatasi. Kilikuwa kinene kidogo tu kuliko stika yangu.

Hapo ndipo nilipojua. Na hapo ndipo nilipotakiwa kusema, maana maneno yalikuwa mafupi na mtu alikuwa mbele yangu. Nikasema, “Kunywa chai, itapoa.”

Usiniulize kwa nini. Au niulize, nitakujibu, nimejiuliza sana. Nilimwogopa Tabby, kwamba atasema Shosho karibu uniue. Niliwaogopa akina mama wenzangu. Na kubwa zaidi, niliona nikisema, watu watasema maombi ndiyo yaliyomsukuma mtoto ndani ya mahindi. Nikajidanganya kwamba ninanyamaza kwa ajili ya Mungu. Kumbe Mungu hakuwa amenituma kumfichia chochote. Ni mimi niliyekuwa nikijificha nyuma yake, kama mtoto nyuma ya leso ya mamake.

Habari za mjini hazihitaji miguu. Kufika Jumanne jioni vijana wawili wa trak dei walikuwa wamekuja kuchukua magari yao kwa Opondo, kwa adabu nyingi, mmoja akisema ameamua kuuza, mwingine akisema atasafiri. Banda likabaki na alama za mafuta tu. Jumatano saa nne nilipeleka chai. “Leo hakuna kitendawili?” akaniuliza. Nikasema kichwa kinaniuma. Akanywa akiwa amesimama. “Nitarudi nyumbani, Mama. Fundi asiyeona atengeneze baiskeli.”

Jioni hiyo Tabby akarudi na Kanga. “Lenny amebadilisha mafuta ya breki yote, hata hakuhitaji kutoa gurudumu,” akasema akivua koti. “Na amenifundisha ujanja. Kabla ya kila kona nagonga breki kidogo na mguu wa kushoto, pedi zinarudi mahali pake. Jumamosi niko uwanjani.”

“Na ukisahau kugonga?”

“Sitasahau.”

Opondo alikuwa upande wa pili wa ua akikunja turubai. Hakugeuka, lakini alisema kwa sauti ya kutosha, “Hiyo ni kumeza panadol na mwiba uko kwa mguu.”

“Hakuna mtu ameongea na wewe,” Tabby akajibu.

Usingizi ukanikataa. Kila nikifumba macho naona vichwa vya mahindi vikitikisika kwa mstari. Nikapata akili ya kipumbavu, ambayo ndiyo akili ya mwenye hatia: nitaitoa stika mwenyewe, na hakuna atakayejua, na kila kitu kitarudi kama zamani.

Alhamisi Tabby alikwenda Ziwa, Opondo alikwenda Turbo kuulizia lori la kubeba vyombo vyake. Nikatoka zizini vile vile na viatu vyangu vya mpira, nikachukua spana ya magurudumu, ile yenye mkono mrefu. Nikaipachika kwenye nati ya kwanza ya mbele kushoto. Haikusikia. Nikaning'inia juu yake. Haikusikia. Nikapanda juu ya mkono wa spana kwa mguu mmoja, nimeshika paa la gari, mzee mzima kama kuku kwenye kamba ya nguo, nikaruka kidogo. Nati ikalia kwii! na mstari mweupe wa Opondo ukakatika katikati kama ganda la yai.

Nikashuka. Nikajaribu kuirudisha nati ili mistari ikutane. Haikukutana. Sasa nilikuwa nimelegeza na sikuweza kukaza, na stika ilikuwa bado ndani. Nikarudisha spana bandani, nikaingia jikoni, nikakaa. Nilikuwa nimekwenda kupunguza dhambi, nikaiongeza.

Ijumaa alasiri Opondo alikuja kuchukua jiriwa lake, kile chuma kizito cha kubania vitu mezani. Alilibeba kifuani, akapita kando ya Kanga. Akasimama. Jicho la fundi, hata fundi aliyeambiwa haoni, lilikwenda lenyewe kwenye nati. Akaweka jiriwa chini.

“Mama Mbuthia.”

Nilikuwa kwenye sukuma wiki. “Naam.”

“Nani aligusa hili gurudumu?”

Nikainama kama niliyeona mdudu kwenye jani. “Lenny, labda.”

“Lenny hakutoa gurudumu, Tabby alisema. Na Jumatano jioni mstari ulikuwa mzima, niliuangalia nikikunja turubai. Huyu amekuja baadaye. Nani?”

Nikajaribu kucheka. “Hicho kigumu, baba. Nimeshindwa. Nikupe mji? Chukua Eldoret yote.”

Hakucheka. Akasema polepole, “Sitaki mji, Mama. Nataka jina. Kesho huyu mtoto anakimbia na nati imelegea.”

Nikaendelea kukata sukuma kwa kisu changu. Akaingia bandani kuchukua spana. Nikaona akiigeuza mkononi. Kwenye mkono wa spana, pale nilipokanyaga, kulikuwa na samadi ya ng'ombe iliyokauka, na alama ya soli. Akaangalia ile alama. Kisha akaangalia viatu vyangu vya mpira, pale kwenye matuta. Aliifuta spana kwa kitambaa, pole, mpaka ikawa safi, akaenda akapiga magoti kando ya gari aikaze ile nati.

Hapo ndipo Tabby alipoingia na pikipiki.

Alimwona Opondo ameinama kwenye gari lake na spana mkononi. Akaitupa pikipiki bila hata kuisimamisha.

“Ndiyo! Ndiyo hii!” akapiga kelele. “Nilikukataza nini?”

“Nati ilikuwa imelegea. Mstari umekatika, angalia.”

“Imelegea na nani? Spana ni ya nani? Banda ni ya nani?”

Opondo akaendelea kukaza nati.

“Sasa naelewa,” Tabby akasema, na sauti yake ikashuka, ikawa baridi, afadhali ingebaki ya kelele. “Ulitaka niharibikiwe tena, nirudi kukubembeleza. Si macho. Ni roho. Sema basi, kama si wewe ni nani aligusa?”

Aliyeulizwa alikuwa na jibu. Alikuwa ameliona kwenye spana na kwenye viatu. Angesema neno moja tu, na jina lake lingerudi mahali pake siku hiyo hiyo, mbele ya yule aliyemvua. Mimi nilisubiri alitamke. Nilitamani alitamke, ili nisilitamke mimi.

“Sijui,” Opondo akasema.

Akaniachia hata hilo. Akasimama, magoti yakilia, akaweka spana juu ya ukuta mdogo. Akalibeba jiriwa lake kifuani, akaanza kwenda getini, bila haraka, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi. Tabby alikuwa tayari anafungua mlango wa gari aweke kofia yake ngumu kwenye kiti, kwa ajili ya kesho.

Nilikuwa bado nimeshika kisu cha mboga. Nikakiweka chini. Nikatoka kwenye matuta na viatu vyangu vya samadi, nikasimama kati ya geti na gari, ambapo wote wawili walilazimika kunitazama.

“Opondo, rudi,” nikasema. “Uliniuliza jina.”

Akasimama.

“Shosho, haya si mambo yako,” Tabby akasema.

“Jina ni Waiyego. Ni mimi niliyegusa, jana, na ni mimi niliyegusa ile Jumanne ulipokwenda mjini. Macho yako ni mazima, baba. Fungua diski uangalie nyuma yake. Kuna neno nililibandika kwa mkono wangu, limefunikwa.”